Phoenix haikuanza na sifuri

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, nizungumzie mji ulioko mbali sana na kwetu. Msikimbie. Tutarudi kwenye tarakilishi kabla hamjachoka, na mtakuta kwamba mji huu na tarakilishi ni jamaa wa karibu kuliko mnavyodhani.

Katika kazi yetu ya kuandika programu kuna maneno manne ambayo nikiyasikia nacheka kimoyomoyo: "Tumeijenga wenyewe kutoka sifuri." Ati kutoka sifuri! Muulize huyo anayejigamba: hifadhidata unayotumia uliiandika wewe? Lugha je? Na ile maktaba ya kusoma tarehe uliyoipakua saa nane za usiku, kazi ya nani? Kimya. Sisemi ni vibaya kutumia kazi ya wengine, maana programu huria zipo kwa sababu hiyo hiyo. Kibaya ni kuitumia halafu kusimama jukwaani na kusema kabla yako hapakuwa na kitu.

Mfano mkubwa kabisa wa jambo hili ninaoujua mimi si programu. Ni mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, kusini magharibi mwa Marekani.

Wengi mnaujua kwa timu yake ya mpira wa kikapu. Sensa ya mwaka 1870 ilikuta pale watu 240. Sensa ya 2020 ilikuta 1,608,139, na kuufanya mji wa tano kwa wingi wa watu katika Marekani nzima. Haya yote yako katikati ya jangwa la Sonora, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 hivi (wa kwetu wafikirie Lodwar) na joto la kiangazi hupita nyuzi 40 siku baada ya siku. Hadithi inayopendwa ni kwamba palikuwa jangwa tupu, wakaja wanaume wachache wenye jembe na ujasiri, wakaleta maji, na mji ukachipuka. Ni hadithi tamu. Kasoro yake ni kwamba inaanzia ukurasa wa mwisho.

Tuanzie mwanzo basi. Phoenix iko kwenye bonde la mto Salt, ambao hutiririka kutoka milimani mashariki na kuungana na mto Gila upande wa kusini magharibi. Katika bonde hili, kwa karibu miaka elfu moja hadi kama mwaka 1450, waliishi watu ambao wanaakiolojia huwaita Hohokam. Jina hilo limetoholewa kutoka neno Huhugam la lugha ya O'odham, na Wao'odham wenyewe wanalitumia kwa maana ya mababu zao waliotangulia. Watu hawa walichimba mifereji. Sizungumzii vijitaro vya kumwagilia sukuma wiki nyuma ya nyumba. Ni mamia ya kilomita za mifereji, mingine ikiwa na upana wa zaidi ya mita 10 pale inapoanzia mtoni, na mingine ikienda zaidi ya kilomita 20 kabla ya kufika mashamba ya mwisho. Hakuna mfumo mkubwa kuliko huo uliojengwa Amerika Kaskazini kabla ya Wazungu kufika. Walilima mahindi, maharagwe, maboga na pamba.

Na walichimba kwa nini? Vijiti, mawe na vikapu. Hawakuwa na chuma, wala ng'ombe wa kukokota, wala gurudumu.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu mtu asiyewahi kushughulika na maji anaweza kudhani kuchimba mfereji ni suala la misuli tu. Mfereji ni hesabu. Ukiuchimba wenye mteremko mkali, maji yatakwenda kasi na kula kingo, na msimu mmoja ukipita huna mfereji bali korongo. Ukiuchimba karibu tambarare, maji yatazubaa, matope yatatua chini, na baada ya muda mfereji umeziba. Unatakiwa kupata mteremko mdogo sana wa kati, na kuushikilia kwa kilomita na kilomita juu ya ardhi yenye mabonde na vilima, bila darubini ya kupimia. Kisha kadiri mfereji unavyogawa maji njiani na kubaki na machache, lazima uupunguze upana na kina ili mwendo wa maji usilegee. Hohokam walifanya hivyo. Waliweka pia malango ya kuzuia na kufungulia maji. Na kwa kuwa mfereji mmoja ulihudumia vijiji vingi, lazima walikuwa na makubaliano ya nani anafungua lini na nani anatoka kuzoa matope. Hiyo nayo ni sehemu ya mfumo, ingawa haiachi alama ardhini.

Msomaji mmoja ataniambia: lakini mbona mfumo wenyewe ulikufa? Ni kweli, karibu na mwaka 1450 vijiji vikubwa vya bonde la Salt viliachwa. Wataalamu wanataja mafuriko yaliyovunja malango, ukame, chumvi kujikusanya mashambani, mivutano kati ya watu, au yote kwa pamoja. Mimi nasema hivi: ule mfumo ulitoa huduma miaka elfu moja. Nionyeshe seva yako.

Sasa twende kwa hao wanaume wenye jembe. Mwaka 1865 jeshi la Marekani lilijenga kambi ya Fort McDowell kaskazini mashariki mwa bonde. Farasi wa jeshi wanakula, askari wanakula, na wachimba dhahabu wa Wickenburg nao wanakula. Chakula cha kusafirishwa kutoka mbali kilikuwa ghali mno. Mtu mmoja, John Y. T. Smith, akaanza kukata majani ya porini kando ya mto Salt na kuyauza kambini. Mwaka 1867 akaja Jack Swilling kutoka Wickenburg. Akaangalia bonde, akaona vijituta viwili viwili vinavyokwenda sambamba kilomita nyingi, na katikati yake bonde jembamba. Akajua anatazama nini. Desemba mwaka huo akaanzisha kampuni ya mfereji, akakusanya watu wake, na kufikia 1868 maji yalikuwa yameingia mashambani.

Ninapomsoma Swilling nakumbuka kazi yangu ya kwanza hapa Nairobi. Nilikabidhiwa mfumo wa mishahara wa kampuni moja. Aliyeuandika alikwisha kuondoka, jina lake lilifutwa kila mahali, na kwenye kijitabu cha matangazo kampuni iliuita mfumo wake mpya. Lakini kila nilipofungua faili nilikuwa kama namsikia akizungumza. Hapa aliogopa mwaka wenye siku 366. Hapa mtu aliwahi kuingiza mshahara hasi, naye akaweka kizuizi. Msimbo ulikuwa umejaa maarifa ya watu waliokwisha kuumia. Mteremko wa mfereji wa kale ni vivyo hivyo. Swilling hakuhitaji kupima ni wapi maji yatapita, kwa sababu mtu mwingine alikwisha kupima, akakosea, akarekebisha, kwa vizazi na vizazi. Wamormoni walioanzisha mji jirani wa Mesa mwaka 1878 walifanya vivyo hivyo: walisafisha mfereji wa kale wa Hohokam na kujiokoa kazi kubwa ya kukata ardhi ya mwinuko.

Swilling mwenyewe alikuwa mtu wa vituko. Alipigana upande wa majimbo ya kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akaugeukia upande wa pili. Alikuwa mtumwa wa pombe na mofini. Mji ulipopimwa mwaka 1870, yeye alitaka uwe karibu na shamba lake, akashindwa. Mwaka 1878 alikufa akiwa mahabusu huko Yuma, akituhumiwa kupora gari la farasi la abiria, kosa ambalo baadaye ilionekana hakulitenda. Simchukii. Kwa kweli katika kundi lote lile namwona yeye kuwa fundi halisi: aliona kazi ya fundi mwenzake na kuitambua.

Na jina je? Inasimuliwa kwamba Mwingereza mmoja aliyekuwa katika kundi hilo, Darrell Duppa, ndiye aliyelipendekeza. Finiksi ni ndege wa ngano za kale anayeungua na kufufuka kutoka majivu yake mwenyewe. Duppa alikuwa na maana kwamba mji mpya ungeinuka juu ya magofu ya ustaarabu uliopita. Tazameni jambo hili! Waanzilishi walijua kabisa kwamba hawakuanza na sifuri, na wakaliandika katika jina la mji. Ni kama maelezo mafupi ambayo mwanaprogramu huacha juu ya faili: "kazi hii imetokana na kazi ya fulani." Kasoro ni kwamba fulani hakutajwa. Ndege wa Wagiriki ametajwa, majivu yametajwa, waliowasha moto na kupika juu ya majivu hayo hawakutajwa. Hata barabara za kutoka kaskazini kwenda kusini, ambazo mwanzoni zilipewa majina ya makabila ya wenyeji asilia, katika miaka ya 1890 zilibadilishwa zikawa namba. Zile za mashariki hadi magharibi, zenye majina ya marais, zilibaki kama zilivyo.

Kidogo niwe mkweli: si wote waliosahau. Omar Turney, aliyekuwa mhandisi wa mji huo, alitumia miaka mingi kuchora ramani ya mifereji ya kale, na toleo lake la 1929 wanaakiolojia wanalitumia hadi leo, kwa sababu mingi kati ya mifereji aliyoiona yeye imekwisha kufunikwa na lami na nyumba. Mhandisi anayekaa kuandika maelezo ya mfumo ambao hakuujenga, bila kuongezewa mshahara, ni mtu wa kuvuliwa kofia.

Mpaka hapa mnaweza kusema: sawa, tumekuelewa, waandikwe majina yao, yaishe. Laiti ingekuwa hivyo tu. Mfano wangu wa programu unafika mahali haufai tena, na hapo ndipo penye uchungu. Nikinakili msimbo wako, wewe unabaki nao. Maji hayanakiliki. Nikiyachukua mimi huku juu, wewe wa chini huna.

Wazao wa Huhugam hawakuwa wamepotea. Wao'odham wa mto Gila, ambao Wamarekani waliwaita Wapima, walikuwa pale pale kusini mwa Phoenix, pamoja na majirani zao Wamaricopa, wakilima kwa mifereji yao. Katika miaka ya 1849 na kuendelea, maelfu ya watu waliokimbilia dhahabu ya California walipita kwao wakiwa hoi kwa kiu na njaa, na Wao'odham waliwauzia ngano na maboga. Baadaye waliliuzia jeshi. Hawa hawakuwa maskini wa kuhurumiwa, walikuwa wakulima wa biashara. Halafu walowezi wakaanza kuchepusha mto Gila huko juu, mwaka hadi mwaka, mpaka mwishoni mwa karne ya 19 maji yakawa hayafiki. Waliolisha wasafiri wakafa njaa katika mashamba yao wenyewe. Sisi wa nchi hii neno "walowezi" tunalijua kwa ladha yake, sina haja ya kulieleza.

Sheria ya maji ya Arizona inasema aliyetangulia kutumia maji ndiye mwenye haki ya kwanza. Msingi mzuri, siyo? Mwaka 1910 Jaji Edward Kent alitoa hukumu kuhusu mto Salt, akapanga shamba moja moja kwa kufuata mwaka lilipoanza kunyunyiziwa. Hukumu iliwatambulia wenyeji asilia wa hifadhi mbili, Salt River na Fort McDowell, sehemu ya maji. Lakini kwa mashamba ya Phoenix hesabu ya kutangulia ilianzia mwishoni mwa miaka ya 1860. Mfereji ni wa miaka elfu, ila saa ya mahakama ilianza kuhesabu siku Swilling alipofika. Mkinikuta nimekunja uso nikisikia watu wakisifu "waanzilishi", sababu ndiyo hiyo.

Mengine ya karne ya 19 nitayapita upesi. Mji ulisajiliwa rasmi 1881, reli ikafika 1887, ukawa makao makuu ya Arizona 1889. Mafuriko makubwa ya 1891 yakafuatiwa na ukame wa miaka mingi, na watu wakaanza kufungasha virago.

Kilichouokoa mji ni jambo ambalo Mkenya yeyote mwanachama wa chama cha ushirika atalielewa. Serikali kuu ilipitisha sheria ya mwaka 1902 ya kukopesha fedha za miradi ya maji. Lakini isingeweza kukopesha mkulima mmoja mmoja. Basi mwaka 1903 wakulima wa bonde wakaunda chama kimoja, na zaidi ya ekari 200,000 za mashamba yao wakaziweka rehani. Bwawa la Roosevelt likajengwa milimani, barabara ya kufikia huko ikichimbwa kwa sehemu kubwa na vibarua Waapache, na Theodore Roosevelt mwenyewe akaja kulizindua Machi 1911. Sasa maji ya mafuriko yaliwekwa akiba kwa miaka ya ukame, na umeme uliotokana na bwawa ukauzwa. Hicho ndicho kitu ambacho Hohokam hawakuwa nacho: ghala. Naliheshimu bwawa hilo kwa dhati. Ni nyongeza ya kweli juu ya kazi ya zamani, na nyongeza nayo ni uhandisi.

Kutoka hapo namba zinapanda: 5,544 mwaka 1900, 29,053 mwaka 1920, 65,414 mwaka 1940. Pamba, machungwa, ng'ombe, shaba. Watu walivumilia joto kwa kulala nje wakiwa wamejifunika mashuka yaliyoloweshwa maji. Katika miaka ya 1930 vikaenea vipoza hewa vya maji: feni inasukuma hewa kupitia vipande vya mbao vinavyodondoshewa maji, hewa inatoka baridi. Ni kanuni ile ile ya mtungi wa bibi yako kule nyumbani. Baada ya vita vya pili vya dunia vikaja viyoyozi vya umeme, na hapo mlango ukafunguka.

Kati ya 1950 na 1960 idadi ya watu ilitoka 106,818 ikawa 439,170. Mnashangaa? Msishangae sana. Katika miaka hiyo kumi eneo la mji lilitoka kama kilomita za mraba 44 likafika 484. Mji ulikuwa ukimeza vitongoji, na sehemu kubwa ya hao "wakazi wapya" walihesabiwa wakiwa wamekaa majumbani mwao. Mnazijua zile kampuni zinazonunua tovuti za wenzao halafu zinatangaza watumiaji wameongezeka mara nne? Basi.

Nao waliokuwa ndani ya mji tangu zamani hawakukua sawa. Weusi na Wameksiko walisukumwa kusini mwa reli, ambako huduma zilichelewa miaka mingi. Watoto weusi walikuwa na shule yao ya sekondari ya pekee hadi mahakama ilipopinga ubaguzi huo mwaka 1953, mwaka mmoja kabla ya Mahakama Kuu ya Marekani kufanya hivyo kwa nchi nzima.

Nilisema tutarudi kwenye tarakilishi. Mwaka 1949 Motorola ilifungua maabara Phoenix, na ikaja kuwa moja ya viwanda vikubwa vya transista duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 General Electric ilikuwa ikitengeneza hapo mashine za ERMA, zilizosoma hundi za Bank of America kwa wino wa sumaku. Zile namba zenye maumbo ya ajabu chini ya hundi chimbuko lake ni mradi huo. Idara hiyo hiyo ya Phoenix ilitoa tarakilishi ya GE-225, na juu yake, katika chuo cha Dartmouth, ndipo lugha ya BASIC ilipoendeshwa mara ya kwanza Mei 1964. Kisha mwaka 1974 ikatoka mikroprosesa ya Motorola 6800, iliyosanifiwa na timu iliyokuwa Mesa. Baadhi yao, wakiongozwa na Chuck Peddle, walihama na mwaka 1975 wakatoa 6502 kwa bei ya dola 25. Apple II ilitumia hiyo. Kwa hiyo wewe uliyejifunza BASIC kwenye mashine kuukuu ya shule, umekunywa maji ya Phoenix bila kujua. (Timu ya 6502 nayo ilishtakiwa na Motorola, lakini hayo tuyaache.)

Leo kuna wanaozungumza Kiswahili pale pale: familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo zimepewa makao Phoenix. Wamefika mji wa joto kali katika kipindi kigumu. Mwaka 2023 zilipita siku 31 mfululizo joto likigonga au kuzidi nyuzi 43, na katika wilaya ya Maricopa, yenye mji huo, vifo 645 vilihusishwa na joto mwaka huo peke yake. Waliokufa wengi hawakuwa na makao, au kiyoyozi kilikuwa kimekufa kabla yao.

Maji nayo yamerudi kuwa swali. Mito ya karibu haikutosha, kwa hiyo Marekani ilijenga mfereji wa kilomita 541 kutoka mto Colorado. Maji yalifika Phoenix mwaka 1985, na mradi mzima ulikamilika 1993. Tofauti na mifereji ya kale iliyokwenda kwa mteremko, huu unapandisha maji zaidi ya mita 800 kwa pampu, na hakuna mtumiaji wa umeme anayeupita katika Arizona. Agosti 2021 serikali kuu ikatangaza upungufu rasmi wa mto Colorado kwa mara ya kwanza katika historia, na Arizona ikakatwa kama asilimia 18 ya mgao wake wa 2022. Juni 2023 jimbo likasema halitaidhinisha tena mitaa mipya inayotegemea maji ya chini ya ardhi pekee katika eneo la Phoenix, kwa sababu sheria ya 1980 inamtaka mjenzi athibitishe kuna maji ya miaka 100, na hesabu zilikataa. Wakati huo huo kampuni ya TSMC ya Taiwan, iliyotangaza mwaka 2020 kwamba inakuja, ilianza mwishoni mwa 2024 kuzalisha kwa wingi chipu za kisasa kaskazini mwa mji. Chipu huoshwa kwa maji mengi sana. Viwanda hurejeleza sehemu kubwa ya maji hayo, lakini kiu ipo.

Wako watakaosema jawabu ni teknolojia mpya. Nami ni mtu wa teknolojia, sipingi. Ila napendekeza kwanza waangalie ni nani leo mwenye maji. Mwaka 2004 Bunge la Marekani lilipitisha suluhu ya kesi iliyodumu miongo mingi, na jamii ya Gila River, wale wale Wao'odham na Wamaricopa, ikatambuliwa haki ya futi-ekari 653,500 kwa mwaka, yaani zaidi ya mita za ujazo milioni 800, sehemu kubwa ikitoka kwenye ule mfereji wa Colorado. Mwenye kovu usidhani kapoa. Waliokufa njaa hawakurudi, na ujuzi wa kilimo uliokatika vizazi vitatu haurudi kwa sahihi ya rais. Hata hivyo mashamba yanafufuliwa, na miji mikubwa sasa inabisha hodi kwao. Mwaka 2023 walikubaliana na serikali kuu kuacha maji hadi futi-ekari 125,000 kwa mwaka yabaki katika ziwa Mead, kwa malipo, ili mto usizidi kushuka. Mwaka 2024 wakakamilisha paneli za umeme wa jua juu ya kipande cha mfereji wao, mradi wa kwanza wa aina hiyo Marekani: kivuli kinapunguza maji kupotea hewani, na umeme unaendesha pampu.

Mifereji yenyewe bado ipo. Phoenix ina mifereji inayotumika leo ambayo kwa vipande virefu inafuata njia za kale, watu wanakimbia mazoezi kandokando yake asubuhi. Ukishuka uwanja wa ndege wa Sky Harbor, karibu kabisa na njia za ndege kuna makumbusho yaliyojengwa juu ya kijiji cha Huhugam, na mabaki ya mifereji yao yanaonekana kwa macho. Kwa miaka mingi makumbusho hayo yaliitwa kwa jina la Kihispania, Pueblo Grande. Tangu mwaka 2023 kibao kinasomeka S'edav Va'aki, kwa lugha ya O'odham.